Miezi Tisa Isiyo na Anwani

Asubuhi ile ya Jumanne Laurentine alikaa kwenye ncha ya benchi, ndani ya ofisi ya mikopo ya kujengea nyumba, vidole vya miguu vikimuuma ndani ya viatu alivyoazima kwa jirani yake Julienne. Vilikuwa viatu vizuri, vyeusi, vyenye kifungo pembeni, ila Julienne alikuwa na mguu wa mtoto. Kando yake alikaa mumewe Alphonse, seremala wa karakana ya reli, shingo imenyooka ndani ya tai. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa yao Laurentine hakuwahi kumwona Alphonse akiogopa kitu: si msumeno wa umeme, si msimamizi mkali, si mama mkwe. Lakini leo alikuwa anajipangusa viganja kwenye suruali kama mwanafunzi anayengoja kuitwa ubaoni.

Mwaka ulikuwa 1952. Kupita mtaa wa Kenya, walikokuwa wamepanga vyumba viwili, wapimaji walikuwa wamekata viwanja vipya mahali palipoitwa Katuba, na mji mzima wa Élisabethville haukuwa na habari nyingine. Mtu mwenye kazi ya kudumu, mke wa ndoa na karatasi safi aliweza kuomba mkopo, akapewa saruji, mbao na mabati, akajenga nyumba yake mwenyewe na kulipa polepole. Nyumba yake mwenyewe. Laurentine alikuwa akiyarudia maneno hayo kimoyomoyo kila jioni akisonga bukari, ugali wa kwao, mpaka mwiko ulikuwa umeyazoea.

Karani aliyewaita mezani alikuwa kijana wa Kasai aitwaye Lucien, shati limenyooshwa kwa wanga, kalamu ya wino mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Ila alizifuata fomu zake kama padri anavyoifuata misa. Neno likirukwa, anarudi mwanzo.

Ukurasa wa kwanza ulikwenda haraka. Jina, kazi, namba ya buku ya utambulisho, idadi ya watoto. Kisha Lucien akafunua ukurasa wa pili na kuulaza kwa kiganja.

"Sasa hapa banaomba adresi yote mulikaa tangu miaka kumi. Moja moja. Siku mulingia, siku mulitoka. Na hakuna tundu mu katikati."

"Tundu gani, bwana karani?" Alphonse aliuliza.

"Tundu. Kama mulitoka nyumba moja mwezi wa tatu, mu ule ule mwezi wa tatu mulilala nyumba ingine. Komisyo yenye inatoa mukopo haipendi muntu mwenye kupotea. Inasema, kama alipotea mbele, atapotea tena na mabati yetu."

Alphonse alimtazama mkewe. Yeye alijua mti upi hupasuka na upi hupinda, lakini tarehe hazikukaa kichwani mwake. Laurentine ndiye aliyekuwa na kalenda, na kalenda yake haikuandikwa popote. Akaweka mkoba chini, akaanza.

"Mwaka wa kufuata ule wa mugomo, tulikuwa kwa mujomba wa huyu bwana yangu, mu mutaa wa site ya Albert. Niko nakumbuka juu nilikuwa na mimba ya André, na mujomba alikuwa anafuga bata, ile harufu ilikuwa inanitapisha."

"Mwaka 1942," Lucien aliandika. Hakuandika bata.

"Kisha tukapata chumba kwa ule mama wa kuuza chumvi, tukakaa mpaka mvua kubwa yenye iliangusha ukuta. Ile ilikuwa mwezi wa pili, juu siku ya tatu yake tulipakwa majivu mu kanisa."

"Mwezi wa pili, 1944. Kisha?"

Laurentine alifungua mdomo, lakini Alphonse alimtangulia. "Kisha Jadotville," alisema upesi. "Kambi ya reli ya Jadotville. Mpaka 1946. Kisha tulirudia huku, kambi ya reli, kisha Kenya, njo penye tuko leo."

Laurentine alimtazama mumewe. Jasho lilikuwa limeanza kumtiririka nyuma ya sikio. Walifika Jadotville mwezi wa kumi na moja mwaka ule, si mwezi wa pili. Alilijua hilo, na Alphonse alilijua. Katikati palikuwa na miezi tisa, na mumewe alikuwa ameifagia chini ya kitanda kama makombo mgeni anapobisha hodi.

Kalamu ya Lucien ilikimbia, ikasimama. Akavuta buku ya Alphonse, akatafuta ukurasa wa watoto.

"Hapa banaandika: Agnès, binti, alizaliwa Kambove, tarehe 11 mwezi wa sita 1944." Aliinua uso. "Mulikuwa munaikala Jadotville, na mama akaenda kuzalia Kambove?"

"Alikuwa anatembea," Alphonse alisema.

"Na tumbo la miezi tisa?"

Nje mtu alikuwa anapanga baiskeli ukutani, nyororo zikilia. Lucien aliweka kalamu chini, akasema kwa sauti ya chini isiyokuwa na hasira, "Bwana Alphonse, mi niko karani tu. Lakini kama Komisyo inaona uongo moja, hata kidogo, inapasula karatasi yote. Na hautaomba tena. Sasa uniambie, ile miezi mulikuwa wapi?"

Alphonse alitazama tai yake. Laurentine akaona kwamba asiposema yeye, kiwanja cha Katuba kitapata mwenyewe mwingine.

"Tulikuwa mu wago," alisema.

"Wago?"

"Wago ya gari la moshi. Nyumba yetu ilikuwa wago."

Ikabidi aeleze, na akaeleza huku Alphonse ameinamisha kichwa. Ule mwaka wa vita reli ilikuwa inabeba shaba usiku na mchana, na mataruma, zile mbao za chini ya reli, yalikuwa yanachoka. Kampuni ilituma kikosi cha mafundi kubadilisha mataruma na kukaza madaraja kati ya Kambove na Tenke, na kwa kuwa nyumba hazikutosha, mafundi wenye wake walipewa mabehewa ya mizigo yaliyotobolewa madirisha. Waliwekwa kwenye reli ya pembeni pale stesheni ya Kambove. Kazi ikisogea, mashini, kichwa cha gari la moshi, ilikuja kuwavuta, ikawasogeza na vyungu vyao na kuku wao. Kazi ikiisha, ikawarudisha Kambove.

Lucien alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakuna nyusi.

"Mama, niko nakuamini. Lakini nitaandika nini? Hapa banasema: njia gani, namba gani. Wago haiko adresi. Leo iko hapa, kesho iko kule." Alifikiri kidogo. "Mulete karatasi. Stesheni ya Kambove iandike kama mulikaa pale, kutoka siku gani mpaka siku gani, mu nyumba gani, na muhuri. Siku ya posho, Jumamosi saa sita, ninafunga dosye yenu. Siku ya kwanza, Jumatatu, Komisyo inaikala."

Walirudi nyumbani kwa miguu, Laurentine ameshika viatu vya Julienne mkononi. Walivuka soko la Kenya.

"Juu ya nini ulimudanganya?" Laurentine aliuliza.

"Mama Agnès, we hauone." Alphonse alisimama. "Pale mu Komisyo kutakuwa bantu ba maana. Nikisema nilikuwa nalala mu wago ya kubebea mahindi, batasema huyu ni muntu wa kujenga nyumba? Kila siku kwenye karakana niko naambia bantu usafi, madirisha, saruji. Na mutoto wangu alizaliwa kama muzigo."

Laurentine naye akasimama. Kwa miaka minane Alphonse alikuwa anayapita maneno yale, "wakati tulikuwa Kambove", kama mtu anavyopita mbele ya nyumba ya mdai. Laurentine alidhani ni uchovu wa kazi ile ngumu. Kumbe ilikuwa haya. Na yeye, Laurentine, alikuwa ameitunza miezi ile moyoni kama kitambaa cha arusi.

"Agnès hakuzaliwa kama muzigo," alisema. "Kesho nitapanda gari la moshi, na yeye nitamubeba. Nitaleta ile karatasi."

Alphonse hakuruhusiwa kuondoka kazini, lakini wake wa wafanyakazi wa reli walikuwa na haki ya tikiti ya bure mara mbili kwa mwaka, na Laurentine hakuwa ametumia hata moja. Jumatano alfajiri akawaacha wavulana kwa Julienne, akamrudishia na viatu vyake, akamvika Agnès gauni la Jumapili, akapanda.

Safari ilichukua karibu siku nzima. Agnès alikuwa na karibu miaka minane na maswali themanini. Laurentine akamjibu yote, na karibu na Jadotville akamsimulia lile la maji. Siku moja, kabla Agnès hajazaliwa, alikwenda kuteka maji mtoni, akaacha chungu cha maharage ndani ya behewa, juu ya mbabula, jiko la makaa, na nguo zikikauka kwenye kamba aliyoifunga kutoka mlango wa behewa mpaka nguzo ya simu. Aliporudi na ndoo kichwani, nyumba haikuwepo. Reli tupu. Nguo zake zilikuwa zimetapakaa juu ya mataruma moja moja, gauni hapa, suruali ya baba kule, kama mtu aliyekuwa anavua akikimbia. Mashini ilikuwa imekuja bila kuarifu mtu.

"Ulilia?" Agnès aliuliza.

"Nilicheka kwanza. Kisha nikaanza kufuata. Niliokota nguo moja moja, na ndoo ku kichwa, na we mu tumbo, kilometa tatu. Nilifikia nyumba yangu imesimama mu kivuli, mulango wazi. Na maharage yalikuwa imeiva."

Mwanamke mmoja aliyekaa mbele yao na kapu la samaki wakavu wa Pweto alikuwa anasikiliza kwa kujifanya amelala. Mabega yake yalianza kutikisika, na mwisho akashindwa, akafungua macho na kucheka wazi, akampa Agnès samaki mmoja kwa ajili ya yale maharage.

Jua lilikuwa limeanza kushuka walipofika Kambove. Laurentine alishuka amemshika Agnès mkono. Aliitafuta ile reli ya pembeni kwa macho, nyuma ya ghala, akaiona imemea majani. Mabehewa yalikuwa yamekwenda. Yote, isipokuwa moja, lile lao, na hilo halikuwa tena juu ya reli.

Lilikuwa limevuliwa magurudumu na kukalishwa juu ya msingi wa mawe, limepakwa chokaa nyeupe mpaka juu, limewekewa kibaraza cha mabati, na mmea wa maboga ulikuwa umepanda paa lote na kuning'iniza maboga mawili upande wa pili. Mlangoni, mwanamke mnene aliyevaa kitambaa cha njano alikuwa anachambua kisamvu.

Laurentine alimtambua kabla hajainua uso. Alikuwa Bwalya, Mbemba kwa kabila, mke wa aliyekuwa kapita, msimamizi wa kikosi. Ndiye aliyempokea Agnès kwa mikono yake miwili, pale ndani, alfajiri ya baridi ya mwezi wa sita.

"Mwaiseni," Bwalya alisema kwa adabu ya kukaribisha mgeni yeyote. Kisha akatazama vizuri. Majani ya kisamvu yakaanguka. "Ni we, mama wa kufuata nyumba?"

Wakakumbatiana pale kibarazani, wakaachana, wakatazamana, wakakumbatiana tena. Bwalya alimgeuza Agnès mbele na nyuma kama anayechagua kitambaa sokoni, akampima mabega, akamfungua mdomo kutazama meno.

"Mwana wandi," alisema, mwanangu. "Ulikuya na miguu mbele, unajua? Mama yako alikuwa anasema anakufa. Nikamwambia, ngoja, hii iko gari la moshi, inaingia kinyumenyume. Uone sasa hii muntu muzima."

Jioni ile Bwalya alichinja kuku. Laurentine alikaa ndani ya nyumba yake ya zamani akashika mbao za ukuta kwa kiganja. Ilikuwa ndogo kuliko alivyoikumbuka, na safi kuliko alivyowahi kuiweka. Kila kitu kilimrudia: jinsi walivyoamka mahali pasipojulikana na kufungua mlango kutazama leo wana mlima gani, jinsi Alphonse, kijana wa miaka ishirini na minne, alivyomtengenezea Agnès kitanda cha kuning'inia kwenye dari ili mashini ikivuta mtoto abembelezwe bila mtu kumgusa. Walikuwa hawana kitu, na hawakuwa wamegombana hata mara moja. Labda kwa sababu hapakuwa na pa kwenda kununia.

Alhamisi asubuhi alikwenda stesheni. Karani wa pale, Rigobert, mtu mpole mwenye kikohozi, alimsikiliza, akafungua kabati, akaweka mezani madaftari matatu manene.

"Kikosi ya 1944 iko hapa ndani," alisema. "Lakini hatuandikake majina ya bibi na bwana. Tunaandika namba ya wago, na fundi mwenye alikuwa ndani. Zilikuwa wago makumi mbili, na bale Alphonse beko bengi, beko bane. Namba ya wago yenu ilikuwa ngapi?"

Laurentine hakujua. Wakati ule alikuwa hajajifunza kusoma. Alianza baadaye, Kenya, kwenye masomo ya akina mama. Alikumbuka kwamba palikuwa na tarakimu mlangoni, nyeupe, na kwamba moja ilikuwa na tumbo kama yeye.

Akarudi mbio kwa Bwalya. "Ba Bwalya, munisamehe. Namba ya wago iko chini ya chokaa yenu."

Bwalya alitazama ukuta wake alioupaka juzi tu kwa ajili ya Pasaka. Alivuta pumzi. Kisha akaingia ndani akatoka na vijiko vitatu, akampa Laurentine kimoja, Agnès kimoja, na yeye mwenyewe akaanza kukwangua.

Walikwangua wote watatu, chokaa ikiwaangukia usoni mpaka nyusi zikawa za vikongwe. Majirani wakaja kuuliza ni kitu gani, wakaambiwa, na wao wakaleta visu. Kila mmoja alikuwa na hakika namba iko upande wake. Mzee mmoja alisema iko chini kushoto, mwingine akaapa iko nyuma, na nyumba ya Bwalya ikaanza kufanana na mbwa mwenye upele. Mwisho Agnès, aliyekuwa amepanda juu ya kiti, akasema kwa utulivu, "Mama, iko sita hapa."

Sita ile ilikuwa na tumbo kubwa. Baadaye ikatoka sifuri, kisha saba. Laurentine alisimama na kijiko mkononi akizisoma kwa sauti, yeye mwenyewe, bila mtu kumsaidia: sita, sifuri, saba. Bwalya akapiga vigelegele, na majirani wakampokea.

Rigobert alipata 607 katika daftari la pili. Fundi seremala Alphonse, mke mmoja, mtoto mmoja, ameingia tarehe 26 mwezi wa pili 1944. Na kando, kwa wino mwingine, mtoto wa pili, binti, tarehe 11 mwezi wa sita. Wametoka tarehe 20 mwezi wa kumi na moja. Kisha Rigobert akacheka, akakohoa, akacheka tena.

"Mama, karani wenu wa Élisabethville anatafuta adresi, siyo?"

"Njo ile anatafuta."

"Basi uone hapa. Tangu miaka tatu, ile wago haiko wago tena. Waliitoa mu orodha ya magari, wakaitia mu orodha ya nyumba. Sasa iko nyumba namba 14, kambi ya stesheni, Kambove. Nitaandika mulikaa mu nyumba 14, zamani wago 607. Na mulikuwa bantu ba kwanza kuikala ndani."

Mkuu wa stesheni alitia sahihi bila kusoma, na muhuri ukagongwa, mviringo, wa zambarau, bila kasoro. Laurentine aliukunja waraka ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya mkoba, na mkoba akaulalia usiku kucha.

Ijumaa jioni Alphonse alikuwa kwenye jukwaa la stesheni ya Élisabethville, bado amevaa nguo za kazi, unga wa mbao nywele nzima. Laurentine alimpa waraka kabla ya kumsalimu. Akausoma pale pale chini ya taa, midomo ikienda. Alipofika kwenye "nyumba namba 14" akarudi nyuma, akasoma tena.

"Ba Bwalya eko mule ndani?"

"Eko. Amepanda maboga juu ya nyumba. Kibaraza, chokaa, mawe chini. Bantu banamuheshimu." Alimtazama. "Ile kitanda ulitengenezea Agnès iko pale, ku dari. Bajukuu yake tano balilala mule."

Alphonse alimbeba Agnès mgongoni ingawa alikuwa mkubwa mno kubebwa, na mtoto akamweleza njiani, kutoka stesheni mpaka Kenya, habari za sita yenye tumbo. Karibu na nyumbani Laurentine alisikia mumewe anacheka, kicheko cha chini, cha tumboni, ambacho hakuwa amekisikia kwa siku nyingi.

Jumamosi saa tatu Lucien aliupokea waraka, akausoma, akaugeuza kutazama mgongo wake, akausoma tena. Fomu ilikuwa na mistari mitano na wao walikuwa na makazi sita, kwa hiyo akakata kipande cha karatasi, akakigundisha chini kwa uangalifu wa fundi saa, na akaandika kwa mwandiko wake wa duara kila mahali walipolala kwa miaka kumi. Alipofika Kambove aliandika: nyumba namba 14. Akapuliza wino.

"Hakuna tundu," alisema, na kwa mara ya kwanza wakaona meno yake.

Jumatatu Komisyo ilikaa. Walikuwa watu watatu nyuma ya meza: Wazungu wawili, mmoja akipiga miayo, na mjumbe wa Waafrika, Anaclet, nesi mkuu wa zahanati, mtu wa nywele za mvi na sauti kavu. Anaclet ndiye aliyeuliza. Alikuwa ameshika fomu na kipande chake kilichogundishwa.

"Bwana Alphonse, nyumba sita mu miaka kumi. Na hapa banaandika zamani wago. Maana yake nini, zamani wago?"

Laurentine alivuta pumzi ajibu. Lakini Alphonse alikuwa amesimama. Alirekebisha tai.

"Maana yake, bwana, tulikuwa tunaikala mu wago, juu nyumba hazikutosha na reli ilikuwa inahitaji mafundi. Binti yangu alizaliwa mule. Na siku moja mashini ilibeba nyumba, na bibi yangu huyu aliifuata kwa miguu, na ndoo ku kichwa." Akasimulia yote, nguo juu ya mataruma, kilometa tatu, maharage yaliyoiva. Alisimulia vizuri, kwa mikono, kama mtu aliyekuwa ameizuia hadithi miaka minane na sasa imepata mlango. Mzungu wa miayo aliacha kupiga miayo, akaomba atafsiriwe. Alipotafsiriwa akaegemea kiti na kucheka mpaka akavua miwani. "Kwa hiyo, bwana," Alphonse alimaliza, "mukisema muntu wa kuhama hawezi kutunza nyumba, mi niko na bibi mwenye anafuatake nyumba yake hata ikikimbia."

Anaclet hakucheka. Aliandika kitu, akaupitisha waraka kushoto, ukarudi kutoka kulia. Kisha akainua macho kwa Laurentine, si kwa Alphonse.

"Hii nyumba ya Katuba, mama," alisema, "haitakimbia."

Barua ya kukubaliwa ilikuja baada ya majuma mawili. Julienne ndiye aliyeiona kwanza mkononi mwa tarishi, naye akapiga kelele iliyowatoa watu wa njia nzima, hata walioaga kwenda sokoni.

Jumapili ya kwanza ya kiangazi wakaenda Katuba wote, na Julienne na mumewe, na vigingi, na kamba, na sufuria ya bukari iliyofunikwa kwa kitambaa. Kiwanja kilikuwa majani na vichuguu viwili. Alphonse alipiga vigingi, akavuta kamba, akachora vyumba vitatu juu ya udongo mwekundu, akaonyesha mlango utakaoelekea njia kubwa.

"Hapana," Laurentine alisema. "Mulango ku upande wa jua ya asubuhi."

"Mama Agnès, wageni bataingilia nyuma?"

"Bazunguke. Beko na miguu."

Wakabishana mpaka bukari ikapoa. Mume wa Julienne aliunga mkono njia kubwa, Julienne jua. Wavulana walikuwa wameshaingia ndani ya kamba na kugawana vyumba, na Agnès alikuwa amelala chali katikati ya kile alichosema ni chake, mikono ameitandaza, akiwaambia wenzake wasipite ukutani. Alphonse alimtazama mkewe, akatazama jua, akang'oa vigingi viwili na kuvisogeza upande wa mashariki.

"Basi vuta kamba," alisema, na Laurentine akaishika ncha ya pili, akavuta mpaka ikalia.